Kuuza Santuri za Mzee

Mtu wa kwanza aliniandikia "bei ya mwisho" kabla sijaweka hata bei ya kwanza. Nilikuwa nimepandisha picha tu mtandaoni, maboksi manne ya santuri nimeyapanga kwenye mkeka sebuleni, bado nahangaika na miwani kutafuta mahali pa kuandika maelezo, simu ikalia. "Bei ya mwisho." Hakuna salamu, hakuna alama ya kuuliza, hakuna mama wala dada. Mie nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mbili, na mtoto wa darasa la tatu akiniandikia hivyo namrudishia daftari lake akaanze upya. Huyu nilimjibu, "Ya kwanza bado, baba, tulia." Akanitumia kidole gumba.

Santuri zenyewe ni za mume wangu. Alikuwa na duka la vitambaa Temeke, amelirithi kwa baba yake, amekaa kwenye kaunta ile miaka arobaini. Kila Jumamosi akifunga duka hakuja nyumbani moja kwa moja. Alipita kwanza kutafuta santuri, za dansi, za taarabu, za Kongo, hata za Kihindi ambazo haelewi neno moja. Tulipohamia huku Gongo la Mboto, safari ya kwanza ya gari ilibeba santuri, kitanda changu kikaja safari ya pili. Nisiseme uongo, nilizichukia. Zilikula chumba kizima ambacho kingekuwa cha wageni, na kila nikifagia nilikuwa nazisema kwa sauti ili asikie.

Halafu kiharusi kikampiga, upande wa kulia ukalala. Mashine ya kupigia santuri ilishakufa zamani, fundi alisema sindano yake haipatikani tena mjini hapa. Kwa hiyo zikabaki kukaa tu, na yeye akabaki kukaa nazo, kiti chake kikiwa mkabala na mlango wa kile chumba.

Mwaka jana rafiki yake wa miaka mingi alifariki, mwenzake katika ugonjwa huu wa santuri. Tulikwenda kwenye arobaini yake kwa bajaji. Wakati wa kurudi nikateremka barabarani kununua maandazi, na mama muuzaji akanifungia kwenye karatasi ngumu yenye picha ya wanamuziki wamevaa suruali pana. Sikuitazama. Mume wangu aliitazama. Pembeni palikuwa na sahihi ya rafiki yake, kwa kalamu ya kijani, maana yule bwana alikuwa anatia sahihi kila gamba la santuri asiibiwe. Watoto wake walikuwa wamegawa maboksi yote ili chumba kipate mpangaji. Magamba yakaenda kwa mama wa maandazi, na santuri zenyewe tuliambiwa watoto wa mtaa walikuwa wanazirusha uwanjani kuona ya nani inafika mbali.

Maandazi yale hakuyala. Tulipofika nyumbani akaniambia, polepole kama anavyosema siku hizi, "Mama, ziuze zangu. Nataka nizione zinaondoka na mtu anayezijua, nikiwa hai. Na usiziuze rahisi. Anayechukua kitu rahisi hakitunzi. Nimeuza vitambaa miaka arobaini, najua."

Basi hilo ndilo lilikuwa jambo lake, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nikawa upande wa santuri.

Tulikubaliana milioni mbili kwa zote, ni mia tatu na kitu. Akanitaka niandike chini yake, "Maongezi yapo." Nikamwambia, mzee, huku mtandaoni ukiandika hivyo umejitafutia balaa, tuandike bei haipungui. Akakasirika kweli kweli. Kwake, muuzaji anayefunga mlango wa maongezi hana malezi. Dukani kwake bei ilikuwa na adabu zake: mteja anasalimu, anakaa, anashika kitambaa, anauliza. Unamtajia, anashtuka, anataja nusu, unaapa kwamba hata mtaji haurudi. Anainuka, anafika mlangoni, unamwita. Huyo uliyemwita kutoka mlangoni ndiye mnunuzi. Nikaandika maongezi yapo.

Jamani, watu walikuja kuongea!

Mmoja akaniambia, "Mama punguza kidogo, iwe elfu kumi." Kutoka milioni mbili, kidogo! Mwingine alikuwa anafungua mgahawa Kinondoni, akanipa elfu thelathini kwa zote, anataka kupamba ukuta. "Tutazipiga msumari tu mama, tundu si lipo tayari." Mwingine alitaka magamba peke yake, santuri nibaki nazo. Mwingine hakuwa na pesa ila alikuwa na majogoo wawili wa kienyeji na deki mbovu, akaniuliza kama tunaweza kubadilishana. Yupo aliyeniuliza kwa nini nauza ghali wakati nyimbo zote siku hizi mtu anazipata bure kwenye simu. Nikamwambia basi kazisikilize bure, mie na wewe tunatafutana nini? Wengine walikuwa wakali kuliko mie. Nilimkatalia mtu elfu hamsini, akanijibu nitazikwa nazo.

Waliokuwa wakiniumiza zaidi ni wale wenye adabu. "Shikamoo mama. Pole na majukumu. Mwenyezi Mungu akupe afya." Moyo unalainika, unasema huyu sasa ni mtu. "Nina elfu ishirini mama yangu." Loh! Huyo huwezi hata kumtukana, ameshakuamkia. Unaitikia marahaba, unakaa nayo hasira yako.

Na kila jibu lilikuwa na msikilizaji. Simu ikilia, mume wangu kule kwenye kiti anainua shingo. "Wamesemaje?" Siku za mwanzo nilimjibu, "Wanaulizauliza tu." Naye anatikisa kichwa kama mtu aliye kaunta, anaelewa, wateja wa asubuhi huwa hivyo.

Halafu akatokea bwana wa Kigamboni. Huyu alipiga simu, hakuandika, na alikuwa na sauti ya mtu mzima. Akasema bei si tatizo, atakuja Jumapili saa nne. Mume wangu alianza kujiandaa tangu Ijumaa. Nilimwita kinyozi nyumbani, nikapiga pasi kanzu nyeupe, yeye akanielekeza nizipange santuri kwa miaka, za zamani mbele. Nikapika pilau. Saa nne bwana akasema yupo njiani. Saa sita akasema yupo kwenye foleni ya pantoni. Saa nane akaandika, "Mama samahani nimepata dharura, ila nina laki moja, kama utakubali nimtume bodaboda aje abebe."

Bodaboda! Maboksi manne! Nilisimama jikoni na ile simu mkononi. Nilimwandikia maneno ambayo mwalimu mstaafu hapaswi kuyajua, halafu nikambloki. Na kule sebuleni mume wangu amekaa na kanzu yake tangu asubuhi, hakutaka hata kuegemea asije akaikunja.

"Amesemaje?"

Uongo ukanitoka. Nikamwambia, "Amepiga kuomba radhi, amepata msiba. Ila ametaja bei. Milioni na nusu. Nimemkatalia."

Sijui kwa nini niliongeza kwamba nimekataa. Nadhani niliona nikisema nimekubali atauliza anakuja lini. Alinitazama, upande ule wa uso unaofanya kazi ukatabasamu, nami sikuwa nimeliona tabasamu lile tangu augue. "Umefanya vizuri," akasema. "Milioni na nusu ni ya kuanzia. Atarudi."

Baada ya hapo ikawa rahisi. Mtu akinitajia elfu arobaini, mie napeleka sebuleni milioni moja na laki sita. Akiniletea habari za majogoo, napeleka kwamba kuna daktari wa Mikocheni anazitaka kwa ajili ya baba yake. Mwisho nikamzulia mtu kabisa, Mtanzania anayeishi nje, aliyetaja milioni moja na laki nane, nami eti nikamwambia aongeze. Mume wangu alianza kula vizuri. Alianza kunisimulia, hii alinunua wapi, ile aligombania na nani. Nikajiambia, mwanamke, huu uongo hauna dhambi, unatibu kuliko vidonge.

Nilichosahau ni sheria ya duka lake. Niliolewa nayo, nimeisikia mara mia, na bado niliisahau. Bei ambayo duka limeikataa kwa mtu mmoja, mwingine hauziwi chini ya hapo. Kwake hiyo ilikuwa dhuluma. Ukimkatalia huyu elfu tano halafu ukampa yule kwa elfu nne, yule wa kwanza umemfanya mjinga. Baba yake aliifuata, yeye aliifuata, kuna vitambaa viliozea rafuni kwa ajili ya sheria hiyo. Na mie nilikuwa kila wiki naipandisha bei iliyokataliwa, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa watu ambao hawajazaliwa.

Mnunuzi wa kweli alikuja mwezi wa tatu, mvua zimeanza. Aliandika kwanza, "Shikamoo. Naweza kuja kuziona?" Hakutaja bei kabisa. Nilimjibu kwa ubaya maana nilishachoka, nikamwambia aje na pesa, siyo na pole. Akaja. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, anakaa Kinondoni, kazi yake kusafisha santuri za zamani na kuziingiza kwenye kompyuta zisipotee. Alivua viatu mlangoni ingawa nilimwambia asivue. Akamwamkia mzee, akapiga magoti kwenye mkeka, akaanza kutoa moja moja, anaishika kwa kingo, anailaza upande wa dirisha kutazama mikwaruzo. Kuna moja aliitoa akaigeuza mara mbili. Akamwambia mume wangu, "Mzee, hii nimeitafuta miaka sita. Nilishaambiwa haipo tena."

Walikaa saa mbili. Mume wangu aliongea kuliko alivyoongea mwaka mzima, maneno yanamkwama, yule bwana anasubiri, hamalizii. Mie nilileta chai nikarudi jikoni, nikajikuta nalia kidogo huku nakatakata kitunguu ambacho hakikuwa na kazi.

Niliporudi sebuleni kuchukua vikombe, ndipo akataja bei. Alieleza vizuri kwanza, kwamba nzima kabisa ni kama mia na ishirini, nyingine zina kuvu, nyingine zimepinda kwa joto. Akasema, "Nina milioni moja na laki moja, mzee. Nimekuja nayo."

Nikaona uso wa mume wangu unafunga kama mlango wa duka. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alitumia ile sauti yake ya kaunta, laini, ya kumrudisha mteja asiyejua kitu. "Kijana, umeongea vizuri na umeniheshimu. Lakini kuna mtu ametoa milioni na laki nane, mke wangu amemkatalia. Nikikupa wewe nitakuwa nimemdhulumu."

Yule bwana akageuka kunitazama. Mie nikatazama birika. Haki ya Mungu, hata sasa nikiandika haya naliona lile birika, lina kovu kwenye mdomo wake.

"Basi mzee," akasema, "kama yupo wa bei hiyo, mpeni. Mie sitaifikia." Akazirudisha zote kwenye maboksi kama alivyozikuta, akavaa viatu. Nilimsindikiza hadi getini. Hakuniuliza kitu, nadhani alishaelewa. Alisema tu, "Mama, pesa hii nitakaa nayo wiki moja. Ukiwa na neno, nipigie."

Wiki ilipita. Kila asubuhi nilijiambia leo namwambia, na kila asubuhi mume wangu aliamka na habari ya jinsi tulivyomkatalia mtu milioni na laki moja, hadi akampigia mdogo wake kumsimulia. Ningeanzia wapi? Nikawa mkali kwa kila mtu, nikagombana na muuza maji, na mtu aliyeniandikia "bei ya mwisho" siku hizo alijuta. Mvua nayo ikawa hainyamazi. Bati la chumba kile likaanza kuvuja pembeni, tukahamishia maboksi sebuleni, na mengine yalikuwa yameshanyonya maji chini.

Nadhani ni yale maji yaliyomwamua. Ilikuwa wiki ya tatu, baada ya alasiri. Akaniita nikae. Akasema amefikiri, pesa si kitu, zisije zikaoza kama vile vitambaa. "Yule wa milioni na laki nane tumkubalie. Mpigie." Nikasema nitampigia baadaye, huko aliko muda wao ni tofauti. Akasema, "Mpigie sasa. Weka spika, nataka nimsalimie."

Nikaichukua simu. Nikaifungua, nikapitisha kidole juu na chini kama natafuta namba. Nilipitisha kwa muda mrefu. Aliendelea kusubiri, ameshakohoa kusafisha koo, tayari kwa kusalimia.

"Hayupo, mzee," nikasema.

"Hapokei?"

"Hayupo. Hakuwepo. Hakuna aliyetoa milioni na laki nane, wala hiyo na nusu. Nimewatunga."

Akainyooshea kidole ile simu. Halafu akasema nisome meseji zao. Nikamwambia mzee, ya nini? Akasema soma. Nikasoma zote, kutoka juu. Elfu kumi. Elfu thelathini na msumari. Magamba peke yake. Majogoo. Elfu ishirini ya yule mwenye dua. Laki moja na bodaboda. Nilisoma kama nilivyokuwa nikisoma matokeo darasani, bila kuinua macho, na kila nilipotaka kuruka moja nilihisi anajua. Nilipomaliza alikuwa anatazama maboksi.

"Kwa hiyo yule aliyevua viatu," akasema.

"Ndiyo. Yule ndiye peke yake."

"Na mie nimemfukuza."

"Mie ndiye niliyemfukuza, mzee. Si wewe."

Hakubisha. Siku mbili hakuzungumza nami ila kuomba maji na kuomba kusaidiwa kuinuka. Nilimwomba radhi mara ngapi sijui, nikalia, nikachukia kulia kwangu, nikawachukia wale watu wote wa elfu kumi kumi walionifikisha pale, halafu nikakumbuka kwamba hakuna hata mmoja wao aliyedanganya. Walitaja walichokuwa nacho, washenzi wale. Aliyedanganya alikuwa mie.

Siku ya tatu akasema, "Mpigie." Safari hii sikuuliza nani. Nikaweka spika, simu kwenye mkono wa kiti chake. Yule bwana akapokea kwa salamu zake zote, akamuulizia mzee hali. Nikamwambia tumefikiri, tumekubali bei yake.

Akanishukuru kwanza. "Mama, nilikusubiri. Wiki ilipopita, Tanga wakanipigia, kuna mzigo mwingine. Pesa ile imekwenda huko." Nikasikia anahesabu kwa sauti ya chini. "Sasa hivi nina laki nne na nusu. Naona aibu hata kuitaja. Nikipata zaidi baadaye siwezi kuahidi."

Laki nne na nusu! Damu ikanipanda kichwani. Ulimi wangu ulishazoea, miezi mitano nilikuwa nawajibu watu kama hawa, na maneno yalikuwa tayari mdomoni, mtume bodaboda, hiyo kanunulie karanga, bei ya mwisho ya mama yako. Hata pumzi nilishaivuta.

Mume wangu akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akauweka juu ya wangu.

"Mwambie aje," akasema. "Huyu angalau yupo."

Nikamwambia aje.